Klemu ya bima ya mbwa ikikataliwa kwa "ugonjwa ulikuwepo kabla", nani anatakiwa athibitishe?

Mbwa wa jirani yangu hapa Tudor, Mombasa, alianza kutoka damu puani mwezi wa tatu tangu akatiwe bima. Kliniki wakampima, chembe za kugandisha damu ziko chini kabisa, ikaonekana ni homa ya kupe, ile ya Ehrlichia, akalazwa, akatundikiwa dripu, akaanzishiwa doxycycline ya wiki nne, na bili ilipokuja ikawa ya kuumiza kichwa. Mwenyewe hakuwa na wasiwasi manake bima anayo. Akapeleka klemu, yani madai ya kulipwa, akaambiwa alete faili lote la mbwa tangu alipomchukua, akaleta, halafu akajibiwa kwamba hawalipi, ugonjwa ulikuwepo kabla ya kava, yani ulinzi wa bima, kuanza. Ushahidi wenyewe ni mstari mmoja wa mwaka uliopita, siku aliyompeleka chanjo, daktari kaandika kupe wengi masikioni, hamu ya kula imepungua, joto limepanda kidogo, kapewa sindano na dawa ya kupe. Basi. Siku hiyo hakuna aliyepima damu na hakuna aliyetaja ugonjwa wowote.

Watu wakisikia kisa kama hiki wanagawanyika papo hapo, wengine ati bima zote ni wezi, wengine ati angesoma mkataba vizuri kabla hajatia sahihi. Mimi naona pande zote mbili zimeliruka swali lenyewe, yani hilo faili linasomwaje, na kwa nini linasomwa siku ya klemu badala ya siku ya kujiunga.

Kwanza tuelewane kazi inavyokwenda. Fomu ya klemu ina sehemu mbili, moja unajaza wewe na nyingine anajaza daktari, unaambatisha bili iliyochanganuliwa kitu kwa kitu. Klemu ikiwa ya kwanza, au ikiwa kubwa, kampuni inaomba rekodi kutoka kila kliniki iliyowahi kumuona mnyama. Mkaguzi anazisoma kwa kurudi nyuma, anatafuta tarehe tatu: kava ilianza lini, muda wa kusubiri (zile siku za mwanzo ambazo bima bado hailipi) uliisha lini, na dalili za kwanza zilionekana lini. Hiyo ya tatu ndo inayowaumiza watu, kwa sababu wengi wanadhani inayohesabiwa ni siku daktari aliyoutaja ugonjwa kwa jina, kumbe inayohesabiwa ni siku ya dalili. Mbwa kachechemea mguu wa nyuma mwezi wa kwanza, bima ikaanza mwezi wa pili, mwezi wa tano ikagundulika kano ya goti imekatika, mkaguzi atarudi mpaka pale pa mwezi wa kwanza. Na mikataba mingi inaenda mbali zaidi, goti la kushoto likiwa na shida kabla ya kava basi na la kulia halilipwi, manake inajulikana mbwa wengi wakikatika kano upande mmoja upande wa pili nao hufuata.

Sasa upande wa kampuni una haki yake na sitaki kuupitia juu juu. Bima ni mfuko wa watu wengi wanaochanga kwa jambo ambalo halijatokea. Ukiruhusu mtu asubiri mpaka paka wake agundulike na kisukari ndo aje akate bima, utakuwa unawatoza wale waliokata mapema ili wamlipie huyo, ada itapanda, wenye wanyama wazima watatoka, watabaki wenye wagonjwa peke yao na mfuko utakufa. Hilo si la kubishana. Tena anayeishi na mnyama ni wewe, wewe ndo unajua kama anakohoa usiku, aliyekaa ofisini hajui kitu. Kwa hivyo sheria ya bima tangu zamani inamdai mteja aseme ukweli wote.

Lakini tuiangalie hiyo kanuni ilikotoka. Kesi inayotajwa sana ni Carter na Boehm, Uingereza, mwaka 1766, mbele ya jaji Lord Mansfield. Ilihusu ngome moja ya Waingereza kule Sumatra iliyokatiwa bima halafu ikatekwa na Wafaransa, na mwenye kutoa bima akakataa kulipa, ati hakuambiwa udhaifu wa ngome. Mansfield akasema kweli, mteja hafai kuficha analolijua yeye peke yake, lakini akasema pia kwamba nia njema inawafunga wote wawili, huwezi kuchukua pesa ya mtu huku hatari unaijua au ungeweza kuiulizia, halafu hasara ikitokea ndo ukaanza kulalamika. Na kwenye kesi hiyo aliyeshindwa ni mwenye kutoa bima. Sehemu hii ya pili siisikii ikitajwa wakati mtu anakataliwa klemu.

Turudi kwenye homa ya kupe, manake hapa Pwani ndo jambo lenyewe. Kupe wa kahawia wa mbwa anapenda joto, anaishi mpaka ndani ya nyufa za ukuta na za banda, na hapa kwetu hakuna msimu wa baridi wa kumpunguza. Akimuambukiza mbwa, wiki moja mpaka tatu baadaye mbwa anapata homa, analala lala, hataki kula. Wengi hupata nafuu wenyewe, ila vijidudu vya ugonjwa vinaweza kubaki mwilini kimya miezi au hata miaka bila dalili yoyote, halafu kwa baadhi yao ugonjwa unarudi ukiwa sugu, anakonda, anatoka damu, uboho unashindwa kutengeneza damu.

Kwa hivyo kampuni ikisema huenda yule mbwa wa Tudor aliambukizwa mwaka uliopita, haijasema upuuzi, inawezekana kabisa. Ila inawezekana vilevile kwamba mwaka uliopita alikuwa na kupe tu, na ugonjwa kaupata baada ya kava, manake chembe za kugandisha damu hushuka hata kwenye maambukizi mapya, na mbwa aliyetibiwa akapona anaweza kuambukizwa tena, hapati kinga ya kudumu. Kipimo cha kingamwili nacho hakiwezi kuamua, kinaonyesha mwili ulishakutana na kijidudu cha ugonjwa, hakikuonyeshi ni lini, na kinaweza kubaki chanya muda mrefu baada ya matibabu. Angalau angeulizwa daktari aliyemtibu, je zilishuka hizo chembe peke yake pamoja na homa kali, au chembe zote za damu zilikuwa zimeshuka, nyekundu na nyeupe pia? Chembe zote zikiwa zimeshuka na mbwa kakonda, hoja ya kampuni inapata uzito, huo unafanana na ugonjwa wa siku nyingi. Kwa jirani yangu swali hilo halikuulizwa kabisa, mkaguzi kaona neno kupe kwenye faili na neno kupe kwenye klemu, akaunganisha.

Hapo ndo nasema si haki. Na si kwa sababu namhurumia jirani, ni kwa sababu Mombasa nzima ukitafuta mbwa ambaye faili lake halina neno kupe utachoka. Kama neno hilo peke yake linatosha kukataa, basi kava ya homa ya kupe hapa Pwani ni ya kwenye karatasi tu, na ndo ugonjwa ambao mtu wa hapa anaukatia bima.

Marekani walilitazama jambo hili, na mwaka 2022 chombo cha pamoja cha wasimamizi wa bima wa majimbo, NAIC, kikapitisha sheria ya mfano ambayo majimbo yanaweza kuichukua. Inasema ugonjwa ni wa kabla ikiwa daktari alishatoa ushauri juu yake, au mnyama alishatibiwa, au kuna taarifa zinazoweza kuthibitishwa kwamba alikuwa na dalili zinazohusiana moja kwa moja na kile kinachodaiwa. Moja kwa moja. Na mzigo wa kuthibitisha hayo ni wa kampuni, si wa mwenye mnyama. Muda wa kusubiri kwa ugonjwa usizidi siku 30, kwa ajali hakuna kusubiri, na mteja akimpeleka mnyama kupimwa na daktari huo muda unaweza kuondolewa. Uingereza nao kwa sheria yao ya 2012 wanatofautisha mteja aliyedanganya makusudi na aliyekosea kwa kutokuwa makini, hawawapigi wote rungu moja.

Hapa Kenya tuna Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, tuna Katiba kifungu cha 46 kinachompa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike na anachokinunua, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Lakini soko la bima ya mbwa na paka bado dogo, watu wanajua zaidi bima ya ng'ombe. Na bima ya ng'ombe wa maziwa inafanywaje? Daktari anakuja kwanza, anamkagua, anaandika hali yake na thamani yake, ng'ombe anavishwa hereni ya namba, ndo kava inaanza. Akifa baadaye hakuna wa kuja kusema alikuwa mgonjwa tangu mwanzo huku hajawahi kumtazama. Kwa mbwa utaratibu huo mara nyingi unarukwa, unajaza fomu kwenye simu, unalipa, umemaliza.

Najua jibu la kampuni, kwamba ukaguzi wa mwanzo na vipimo vya damu ni gharama, ada ikipanda watu watakimbia. Ni kweli, na mtu mwenye paka aliyemuokota Mji wa Kale, hajui hata umri wake, atashtuka akiambiwa alipie vipimo kabla ya bima. Huyo paka tena pengine alishapata mafua ya paka udogoni, na baadhi ya virusi vyake huweza kukaa mwilini maisha yote, akichafya mwaka kesho utasema ni cha kabla au kipya? Kwa hivyo sisemi kila mnyama apimwe kila kitu. Nasema gharama ya kutojua isiangushwe yote kwa upande mmoja. Kampuni ikichagua kutokagua ili iuze kava kwa wepesi, basi imechagua kubeba shaka, na pale faili lisiposema wazi mteja alipwe. Faili likisema wazi, mbwa alikuwa anachechemea na mwenyewe alikuja kwa ajili hiyo hiyo, hapo nakubaliana na kampuni hata kama jina la ugonjwa halikuandikwa, na mteja aliyeulizwa akaficha sina la kumtetea.

Madaktari nao wana sehemu yao. Ukiandika "kupe wengi, hamu ya kula imepungua" bila kusema umefikiria nini na umeondoa nini, umeacha mstari ambao mtu mwingine atautafsiri mwaka mzima baadaye akiwa hajamgusa mnyama. Maneno machache tu, kwamba fizi ni nyekundu vizuri, hakuna madoa ya damu kwenye ngozi, tezi hazijavimba, yangemsaidia jirani yangu kuliko wakili.

Yeye kakata rufaa, na barua ya daktari aliyemlaza mbwa imeshapelekwa pamoja na majibu ya damu yote. Aliye kwenye hali kama yake aombe kwa maandishi vitu viwili: ni mstari gani wa faili na wa tarehe gani umetumika kumkatalia, na ni daktari gani wa kampuni aliyesema mstari huo na ugonjwa huu ni kitu kimoja. Asiyekata bima bado aombe faili lake lisomwe kabla hajalipa ada ya kwanza, na aandikiwe ni nini hakitalipwa. Kampuni ikikataa kumuandikia, ni bora alijue hilo leo kabla pesa haijatoka.