Saa Mbili Kamili, Bila Kukosa

Barua imekuja tena: wakazi wote wa ng'ambo tufike mkutanoni Lindi mjini saa mbili kamili asubuhi, bila kukosa. Aliyeiandika ana kalenda ukutani, lakini ni dhahiri kwamba hatazami mwezi. Mimi nimeutazama, siku hiyo utakuwa mpevu, na maji yatakuwa ya bamvua, yale yanayojaa sana na kupwa sana.

Sisi wa mlango wa Mto Lukuledi hatuishi kwa saa ya ukutani. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku yakichelewa kwa takribani dakika 50, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, hivyo pale unapopita leo ukiwa umeketi kwenye mashua, wiki ijayo saa ileile utapita kwa magoti. Bamvua ya pwani hii hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na saa mbili maji tayari yako mbali na gati. Kati ya saa zote za mchana, ofisi imechagua ile ya tope.

Mkutano uliopita nilivaa kanzu nyeupe na koti, kama impasavyo mtu aliyeitwa kwa barua. Mashua ikakwama mbali na gati, nahodha akachomeka upondo wake, akasema, "Tumefika." Nikamuuliza tumefika wapi, hakujibu. Akaja kijana, tope mapajani.

"Shikamoo babu. Nikubebe?"

"Marahaba. Kiasi gani?"

Alinitazama kama korosho iliyo kwenye mizani ya mnada. "Mama yule mia tano. Wewe elfu moja."

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Una koti."

Nikalivua koti, akasema basi mia nane, ila bado kuna bahasha. Nikamweleza kwamba ni barua tu ya wito. "Barua za ofisini ni nzito, babu," akasema, tukarudi kwenye elfu moja. Nikapanda mgongoni. Katikati ya tope, miguu yangu ikining'inia juu ya mizizi ya mikoko, akakutana na mwenzake anayetafuta kaa, wakasimama kujadili Simba na Yanga. Nilikohoa kwa heshima. Nikakohoa bila heshima. Kila mmoja alipotaja goli, mbebaji wangu aliruka kidogo, na kila aliporuka tulizama zaidi, mpaka kanzu ikagusa chini.

Mkutano wenyewe ulihusu kutunza mikoko. Mtaalamu akatuonyesha picha ya mkandaa, aina ya mkoko, akauliza nani kati yetu amewahi kuuona, nami tope la mkandaa huohuo linanikaukia kwenye vifundo!

Jamani, kwa nini wasiseme saa nane mchana? Siku za bamvua, saa hizo maji yanapanda yenyewe, mtu anashuka gatini na viatu vyake miguuni. Hakuna anayetuuliza. Ngedere nao hawaulizi; wanakula mabibo kabla ya wenye shamba. Mbu ndio usiseme. Na kisima chetu kimeingiwa na maji ya chumvi tangu kiangazi, mke wangu akishikilia kwamba tangawizi ikizidishwa kwenye chai, chumvi haisikiki, nami nikishikilia kwamba hiyo si chai tena, ni dawa ya kusukutulia.