Hela ya mafunzo ifike mpaka gereji

Jana nilipeleka gari gereji, mbele kulikuwa kunagonga, nikakaa juu ya tairi bovu kusubiri. Fundi wangu ana vijana watatu pale. Mmoja wa kama miaka 17 alikuwa chini ya gari, fundi kachuchumaa pembeni anamwambia "usikimbilie kufungua, shika kwanza, tikisa, usikie inachezea wapi." Dogo akatikisa, akatulia, akasema "bushi ya kushoto bosi, kulia iko fresh." Na kweli ilikuwa ya kushoto. Fundi akamsogezea spana bila kusema neno.

Saa saba kikaja chakula, sahani mbili za wali maharage, wakala wote wanne. Analipa fundi, kila siku.

Nikamuuliza ameshawahi kupata hata mia ya serikali kwa kufundisha hawa vijana, akasema hajui kama kuna hela ya hivyo.

Hela ipo jamani. Hapa Tanzania mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea analipa SDL kila mwezi, ile tozo ya kuendeleza ujuzi inayokokotolewa kwenye mishahara, na theluthi yake sheria imewapa VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi. Bado kuna ile programu ya kukuza ujuzi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, vijana wanasomeshwa uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa vitendo, miezi sita bila kulipa ada. Imewasaidia watu, siwezi kukataa. Ila karibu yote inapitia chuoni, na huyu dogo chuoni hafiki. Sio ada, VETA kutwa ni elfu 60 tu kwa mwaka, kinachomshinda ni nauli ya kila siku na kula, na nyumbani wanasubiri ile elfu tatu anayorudi nayo jioni, sasa akishinda darasani atarudi na nini?

Mtaniambia kuna urasimishaji, fundi wa mtaani anapimwa anapewa cheti. Safi sana. Lakini kile cheti ni cha anachokijua yeye, hii kazi ya kuwapika vijana miaka na miaka hakuna anayeihesabu kabisa!

Mimi naomba hivi: fundi apewe posho kidogo kwa kila kijana anayemfundisha, wapate seti ya spana na glavu, mwalimu wa chuo awe anapita kukagua, halafu kijana apimwe palepale kwenye gari analolifungua kila siku. Wataandikisha vijana hewa? Wapo watakaojaribu, ila njoo saa nne asubuhi bila taarifa uhesabu miguu iliyotokeza chini ya magari, gereji haina pa kuficha mtu.

Na chuo kina vyake, hilo nakubali. Gari za siku hizi ni umeme mtupu, mashine ya kuzisoma fundi wangu hana, anampelekea mwenzake na anamlipa. Basi hata siku moja kwa wiki dogo aende chuo akajifunze hiyo, na nauli yake itoke kwenye hizo hizo hela.

Nililipa elfu 25 ya ufundi. Akatoa tatu tatu akawapa vijana wake, akaita yule anayekusanya hela ya kiwanja akampa yake, iliyobaki akaikunja akatia mfukoni, akarudi chini ya gari lingine, dogo akamfuata na tochi.