Jiwe la mizani na tusi lililotangulia

Mtu akipasuliwa kichwa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, na aliyempasua akaishia kupewa miezi mitatu jela au faini na fidia, vijiweni wanasema moja tu: hakimu kalambishwa. Wanaosema hivyo wameiona PF3, fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha. PF3 inaandika kidonda, tusi haiandiki.

Chukulia mama mchuuzi. Anadaiwa. Asubuhi mdai wake anafika, anapiga teke beseni, dagaa wanamwagika topeni, halafu anamtukania mama yake mzazi matusi ya nguoni mbele ya wateja. Mama anaokota jiwe la mizani, anarusha. Mdai anashonwa nyuzi nne.

Kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu kinasema shambulio la kudhuru mwili ni kifungo hadi miaka 5. Hilo "hadi" ndilo la kuangalia. Kuchokozwa hakumfutii mama hatia. Kunamsaidia kwenye adhabu tu. Hata kwenye mauaji, kifungu cha 201 kinaishusha kesi kuwa ya kuua bila kukusudia, si kumwachia mtu aende zake. Na kifungu cha 202 kinampima aliyechokozwa kwa kumlinganisha na mtu wa kawaida wa jamii yake mwenyewe. Hapo mtunga sheria aliona mbali: anayejua beseni lile ni mtaji wa mkopo na ada ya mtoto, ataielewa hasira ile. Ila angeenda nyumbani, akanywa chai, akarudi jioni na panga, hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Wanaopinga aliyechokozwa kupunguziwa adhabu wana hoja, tena nzito. Kila mume anayempiga mkewe husema "alinijibu vibaya". Lakini chakula kuchelewa si uchokozi kisheria, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Hakimu anayekubali kisingizio hicho amekosea yeye. Kipimo hakina kosa.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Mama yule hana wakili. Akiulizwa ana lipi la kusema kabla ya adhabu, anasema alichosikia wenzake wakisema: "Naomba nipunguziwe, nina watoto wananitegemea." Beseni halitaji. Tusi anaona aibu kulirudia mbele ya watu, na wateja waliolisikia walishaondoka na dagaa wao.