Mkusanyaji wa visu hujitetea kwa hoja dhaifu

Anayekusanya stempu haulizwi anataka kumwandikia nani. Lakini mtu akifungua kabati na kuonyesha visu vya kukunja thelathini, na chini yake safu ya visu vya uwindaji ndani ya ala zake za ngozi, neno la kwanza la mgeni huwa: vya nini vyote hivi? Wakusanyaji wengi wana majibu mawili tayari mdomoni. La kwanza, kisu ni chombo tu kama nyundo. La pili, visu vizuri hupanda thamani, kwa hiyo hii ni akiba. Naona majibu yote mawili ni dhaifu, na la pili ni dhaifu zaidi. Utetezi wa kweli upo, ila hausikiki sana, labda kwa sababu unamdai mkusanyaji kazi.

Nianze na hofu, maana si ya kupuuzwa. Kisu huua, na kila jamii inawajua watu waliouawa kwacho. Hata hivyo, kisu kinachoua kwa kawaida hakijawahi kukusanywa na mtu. Katika takwimu rasmi za mauaji za Uingereza na Wales, aina inayotajwa kuliko nyingine yoyote ni kisu cha jikoni. Mwenye hasira hachagui mpini wa mfupa wala bapa lenye historia. Hunyakua kilicho karibu, na kilicho karibu kinakatia vitunguu. Kabati lenye ufunguo haliongezi sana hatari ya nyumba ambayo tayari ina droo ya jikoni. Hadi hapo wakusanyaji wana haki ya kuudhika wanapotazamwa kama wahalifu watarajiwa.

Tatizo huanza kisu kinapotoka kabatini na kuingia mfukoni. Sheria za nchi nyingi hulenga hapo, na ukizisoma kwa makini utakuta zimenasa kwenye utata ambao hoja ya "chombo tu" huuruka. Chukua Uingereza. Sheria ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja bila kutoa sababu, mradi makali yake yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Mwaka 1993 mahakama ikaamua kwamba kisu ambacho bapa lake hushikiliwa na kifungo likishafunguka, lisirudi, hakimo katika ruhusa hiyo, hata kikiwa kidogo kiasi gani. Sasa kumbuka kifungo hicho kilibuniwa kwa nini. Visu vya Opinel vilianza kutengenezwa Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na kwa miaka mingi bapa lake lilishikiliwa na msuguano tu. Mwaka 1955 kikaongezwa kipete cha chuma shingoni mwa mpini: ukikizungusha, bapa haliwezi kurudi na kukukata vidole. Ni kifaa cha usalama. Lakini bapa lisilorudi linapokata kamba ndilo hilo hilo lisilorudi linapochoma mtu, na mtunga sheria anaona hilo la pili. Fundi na mtunga sheria wako sahihi kwa wakati mmoja. Anayesema kisu ni chombo tu anataka kusahau nusu ya ukweli huo, na anayesema kisu chenye kifungo ni silaha tu anasahau nusu nyingine.

Wakusanyaji wamejiharibia wenyewe kwa namna nyingine pia, nayo ni ukimya. Kuna viwanda vinavyotengeneza visu kwa kusudi la kutisha: meno mgongoni yasiyokata kitu, matundu ya mapambo, miiba, maandishi ya kikatili. Uingereza ilikamilisha marufuku ya aina hizo, zinazoitwa za zombi (maiti anayetembea wa filamu za kutisha), Septemba 2024, hata kuzimiliki nyumbani. Malalamiko yalisikika kwamba hobi imeingiliwa. Mimi nilitarajia kusikia kinyume chake miaka mingi kabla: wakusanyaji wenyewe wakisema hiki si chetu. Hawakusema kwa sauti ya kutosha, kwa sababu meza moja ya muuzaji huuza vyote viwili.

Ilhali kisu cha kweli cha uwindaji kinajitofautisha chenyewe, kwa anayejua kukitazama. Kwanza ni kidogo kuliko mgeni anavyodhani. Bapa la sentimita 8 hadi 12 linatosha kuchuna mnyama mkubwa. Pili, umbo lake lina sababu. Bob Loveless, fundi wa visu Mmarekani aliyeishi kati ya 1929 na 2010, ndiye aliyelipa umaarufu bapa ambalo mgongo wake huteremka taratibu hadi ncha ikae chini kidogo. Ukipasua tumbo la mnyama kwa kisu ambacho ncha yake imeinuka, ni rahisi kutoboa utumbo na kuchafua nyama. Ncha iliyoteremshwa hupunguza ajali hiyo. Hakuna kilichowekwa kwenye bapa hilo ili kumtisha mtu. Ukiviweka kisu hicho na kile cha zombi pamoja, hoja ya "chombo" inathibitika kwa kimoja na kuanguka kwa kingine, na mkusanyaji anayevitetea vyote kwa maneno yale yale anastahili kutoaminiwa.

Tuje kwenye fedha, ambako uvumilivu wangu ni mfupi. Ni kweli visu vya Loveless, au vya fundi mwingine, William Scagel, aliyefariki mwaka 1963, huuzwa kwa maelfu ya dola. Lakini hivyo vilitoka mikononi mwa fundi mmoja mmoja, na mafundi wenyewe hawapo tena. Kinachouzwa kwa mkusanyaji wa kawaida ni kitu kingine: "toleo maalumu" la kiwandani, lenye namba ya mfululizo, cheti, na kasha la mbao. Kila mnunuzi hukiweka bila kukigusa. Miaka thelathini baadaye karibu vyote bado vipo, vyote safi, vyote vinatafuta mnunuzi. Visu vya mfukoni vya mwaka 1910 ni adimu kwa sababu vingi vilitumika: vilinolewa hadi bapa likaisha, vikavunjika ncha, vikapotea shambani. Uadimu huzaliwa na matumizi ya watu ambao hawakujua wanaacha hazina nyuma. Huwezi kuutengeneza kwa cheti.

Na visu vya kawaida viko tele kuliko tunavyokiri. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, visu vya mfukoni vilizuiwa ndani ya ndege, na vile vinavyoachwa na abiria kwenye viwanja vya Marekani vimekuwa vikiuzwa kwa mafungu na serikali za majimbo. Ongeza bidhaa bandia. Jina la Laguiole, kijiji cha Ufaransa, kwa miaka mingi limebandikwa kwenye visu vya kila ubora vilivyotengenezwa mbali kabisa na kijiji hicho. Anayeingia katika hobi hii kwa ajili ya faida anaingia soko ambalo muuzaji anajua zaidi yake, na hilo halijawahi kuwa soko zuri.

Basi kinabaki nini? Kinabaki kusoma, na sisemi vitabu. Chukua W.R. Case & Sons wa Bradford, Pennsylvania. Mwaka 1970 kiwanda hicho kilianza kupiga vidoti kumi chini ya jina lake kwenye bapa, kikawa kinaondoa kimoja kila mwaka. Kisu cha Case cha muongo huo chenye vidoti vinne ni cha mwaka 1976. Namba ya mfano nayo inasema. Katika 6254, ile 6 inaeleza kuwa mpini ni wa mfupa, 2 kwamba kuna mabapa mawili, na 54 ni umbo wanaloliita Trapper. Sasa ukikutana na kisu ambacho namba yake inaanza na 5, ambayo ni pembe ya kulungu, lakini mkononi unaona mfupa, unajua kuna mtu amebadilisha mpini au ameunganisha visu viwili kuwa kimoja. Hakuna cheti kilichokwambia hivyo. Umekisoma.

Au chukua kisu cha Uswisi, ambacho watu hukidharau kwa kuwa kila mtu amewahi kukiona. Karl Elsener alifungua karakana yake ya visu Ibach, Uswisi, mwaka 1884. Jeshi lilipotaka kisu cha askari, shehena ya kwanza, ya mwaka 1891, ilitengenezwa Solingen, Ujerumani, kwa sababu Uswisi haikuwa na kiwanda cha kutoa idadi hiyo. Kisu hicho kilikuwa na bisibisi na kifungua makopo: bisibisi kwa ajili ya bunduki mpya ya askari, kifungua makopo kwa ajili ya chakula chake kipya. Mwaka 1897 Elsener akasajili kisu cha maofisa, chepesi zaidi, ambacho springi ile ile inashikilia vifaa vya pande zote mbili. Historia ya chakula cha makopo na ya bunduki imo katika kitu cha kutosha kiganjani, kwa yule anayejiuliza kwa nini kila kipande kipo.

Elimu hii ina upande wake mchungu, wa uhifadhi. Mipini mingi mizuri ya zamani, yenye rangi za kung'aa, ni ya seluloidi, plastiki ya zamani. Seluloidi ikizeeka huoza na kutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo hauli kisu chake tu; hutia kutu visu jirani ndani ya kasha lililofungwa vizuri. Mtu ametunza kwa miaka, amefunga kila kitu kwa uangalifu, na uangalifu wenyewe ndio umeharibu. Ala ya ngozi nayo, ambayo inaonekana kama makazi ya asili ya kisu cha uwindaji, hunyonya unyevu na ina kemikali za kukaushia ngozi. Kisu kikilala humo miezi, chuma hupata vishimo na shaba huota ukijani. Wanaojua huhifadhi ala pembeni na kisu pembeni. Mwenye kukusanya kwa ajili ya bei hujifunza haya baada ya hasara.

Ndani ya hobi yenyewe kuna ugomvi wa zamani zaidi: kisu kikate au kikae? Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mkusanyaji wa aina fulani ana visu hamsini vikali na hakuna hata kimoja kilichogusa nyama. Wanaotetea kukaa wana hoja nzito. Kila kunoa kunaondoa chuma kisichorudi. Kisu cha kale kikipelekwa kwenye gurudumu la kung'arishia, muhuri wa fundi hufifia, kona hulainika, na ile rangi ya kijivu ambayo chuma cha kaboni huipata kwa miongo hupotea kwa dakika. Wanaotetea kukata wanajibu kwamba kisu ambacho hakijakata hukijui. Huwezi kujua kwa macho kama makali yanadumu, kama kifungo kinateleza kikibanwa, kama mpini unaumiza kiganja baada ya saa moja ya kazi. Chuma chenye kaboni ya asilimia 0.95 hivi, kama kile kiitwacho 1095, hunoleka upesi na hushika kutu upesi; chenye kromiamu nyingi huvumilia unyevu, na mara nyingi hukuchosha kwenye kinoo. Maneno hayo unaweza kuyakariri bila kuyaelewa.

Nikilazimishwa kuchagua, nasimama na wanaotetea kukata kwa visu vipya, na wanaotetea kukaa kwa visu vya kale ambavyo havijaguswa. Kisu kipya cha kiwandani kisichokata ni sampuli ya dukani iliyohamia nyumbani. Cha kale kilichobaki kama kilivyotoka kwa fundi ni ushahidi, na ushahidi haunolewi. Katikati kuna visu vya kale vilivyokwisha kutumika, na hivyo, kwa maoni yangu ambayo wengi watayakataa, viendelee tu na kazi yao.

Limebaki jambo la mipini, ambalo wakusanyaji hupenda lipite haraka. Visu vingi vya thamani vina mipini ya pembe za ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilizuiwa kwa uamuzi wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, mwaka 1989, na India nayo ilizuia kuuza nje pembe za sambari, aina ya kulungu, ambazo mafundi wa visu vya uwindaji walizitegemea. Mkusanyaji husema: kisu changu ni cha mwaka 1900, ndovu huyo alikufa kabla babu yangu hajazaliwa, kukizuia hakumfufui. Ni kweli. Mpinzani husema: kila pembe ya kale inayouzwa kihalali ni mwavuli wa pembe mpya, kwa kuwa mnunuzi hawezi kutambua umri kwa macho. Nayo ni kweli. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika 2022, ilipita katikati yao: kumiliki na kurithi ruksa, kununua na kuuza marufuku isipokuwa kwa misamaha michache. Aliyejitetea miaka yote kwa hoja ya akiba amepoteza akiba hiyo. Aliyekuwa akikisoma kisu bado anaweza kukipima, kukipiga picha, kuandika muhuri wake daftarini, na kumwachia mwanawe pamoja na daftari.