Jua limetujaa Dodoma, kinachotutesa ni betri

Juzi nilikuwa Mvumi kwa mama, pale dukani kaandika soda baridi zipo, afu nafungua friji nakuta soda za moto. Nikamuuliza vipi mama, akasema mwanangu ikifika saa mbili usiku inveta ya sola, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha friji, inaanza kulia pii pii inazima, mpaka jua litoke kesho. Na betri haijamaliza hata mwaka mmoja na nusu! Fundi aliyemfungia alikuja akaangalia akasema paneli hazitoshi, aongeze mbili, na mama alishaanza kutafuta hela ya hizo paneli.

Nikamwambia mama usinunue kwanza, tukakaa tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya sukari. Betri yake ni ya asidi, volti 12 ampea-saa 100 (zile Ah), yaani ikijaa kabisa inabeba uniti moja na kidogo, uniti hizi hizi tunazonunua za LUKU. Sasa betri ya asidi ukitaka idumu usiitumie kupita nusu, kwa hiyo zake za kutumia ni kama uniti 0.6 tu, na hapo inveta nayo inakula chake. Weka friji usiku kucha, taa mbili, redio, na simu za majirani anazochaji, utaona mwenyewe. Kila siku ile betri ilikuwa inakamuliwa mpaka mwisho, na ya asidi ukiifanyia hivyo inakufa mapema, na joto letu hili la mwezi wa kumi na wa kumi na moja linaiongezea. Sasa hapo hata uweke paneli kumi, unamimina maji kwenye pipa lililotoboka.

Hiki kitu kinaniuma kwa sababu sio mama peke yake. Nenda Chamwino, nenda Bahi, Kongwa huko, kila bati lina paneli, na swali la watu dukani ni lile lile, hii wati ngapi? Hakuna anayeuliza betri ni ya aina gani na itachajiwa mara ngapi kabla haijachoka. Wakati sisi jua sio shida yetu jamani, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja mvua hakuna, anga jeupe. Shida ni kwamba linazama saa kumi na mbili na dakika zake, na biashara ya dukani kijijini ndo inachangamka muda huo watu wakitoka shamba.

Na dunia yenyewe imeshahamia huko kwenye betri. Mwaka 2010 betri ya lithiamu ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja ya kuhifadhi, mwaka 2024 wastani umeshuka mpaka dola 115. Najua hiyo ni bei ya huko kwenye viwanda na nyingi zinaingia kwenye magari, ikishapanda meli na kupita mikono ya wafanyabiashara watatu wanne mpaka ifike Dodoma inakuwa bei nyingine, ila kushuka imeshuka kweli. Australia zaidi ya nyumba milioni 4 zina sola juu ya paa, mchana umeme unakuwa mwingi mpaka bei ya jumla ya umeme inaenda chini ya sifuri, ndo maana toka Julai 2025 serikali yao inachangia wananchi kununua betri za nyumbani. California nao, mwaka 2024 kuna jioni betri ndo zilikuwa zinaongoza kulisha gridi, zimepita mpaka gesi.

Ila mfano unaotuhusu zaidi ni Pakistan. Kule umeme wa gridi ulipanda bei na unakatika, watu wakaacha kusubiri wakanunua paneli za China wenyewe, mwaka 2024 tu ziliingia kama megawati 17,000. Bwawa letu la Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, kwa hiyo kwa uwezo wa saa sita mchana ni kama mabwawa manane kwa mwaka mmoja, yamenunuliwa na watu na biashara zao wenyewe. Na Afrika Kusini mgao wa 2023 uliwafundisha hivyo hivyo, mwenye uwezo alifunga inveta na lithiamu akaendelea na maisha yake, maskini akabaki gizani. Hilo la mwisho ndo naliogopa hapa kwetu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kama una hela kidogo, punguza paneli uongeze kwenye betri, na uchukue ya lithiamu, hizi wanazoita LFP. Ampea-saa 100 hiyo hiyo unaitumia karibu yote na inachajiwa maelfu ya mara, ya asidi ni mamia tu. Bei ya kununulia iko juu, sikatai, ila ukigawa kwa miaka ya asidi ndo ghali. Cha kuangalia ni feki, zipo zilizofungwa upya kwa seli zilizochoka, nunua penye risiti na garantii ya maandishi. Na paneli uzifute vumbi, hili la kiangazi linaganda kama unga.

Serikali nayo, mradi wa sola wa Kishapu kule Shinyanga ni kitu kizuri sana, megawati 150 na awamu ya kwanza 50, ila natamani ikija zamu ya Dodoma na Singida tujenge na betri humo humo, maana jioni ndo watu wanawasha. Na TBS, shirika letu la viwango, wazibane betri zinazouzwa mitaani kuliko wanavyofanya sasa.

Mama sasa kaipeleka hoja kwenye kikoba chao. Huwa wanakopeshana kwa ajili ya mbuzi, mbegu na ada za shule, betri walikuwa hawajawahi. Nikaenda nikawaeleza ile hesabu ya uniti 0.6, wakina mama wakaielewa haraka kuliko yule fundi, wawili wakasema hata zao zinazima saa mbili. Wamekubali mama aanze, wao wataangalia ya kwake inavyokaa mpaka masika yaishe.