Kabla ya STI, nunua Swift Sport

Ukimuuliza Mkenya anayetaka kuanza kukimbiza gari kwenye uwanja wa mbio anunue nini, jibu huja kabla swali halijaisha: Subaru. Sababu zinaeleweka. Mafundi wake wamejaa kila mtaa, spea zinapatikana Kirinyaga Road, na mlio wa ile ekzosi tumeuzoea tangu utotoni. Lakini kama lengo ni kujifunza kuendesha kwenye lami, kwa mfano kule Whistling Morans, Athi River, nashikilia kwamba WRX STI, Subaru ya mbio, si gari la kuanzia. La kuanzia ni Suzuki Swift Sport, toleo la ZC33S lililotoka Japani mwaka 2017.

Hoja yangu kubwa ni uzito. Swift Sport ya gia za mkono ina kilo 970. STI ya toleo la VAB inakaribia kilo 1,500. Mpandishe dereva kwenye kila gari, halafu kata mwendo kutoka kilomita 140 kwa saa hadi 60 kabla ya kona: breki za STI zinalazimika kumeza joto zaidi kwa karibu nusu ya lile la Swift. Hiyo ni kona moja tu. Rudia mara sita au saba katika kila mzunguko na utaelewa kwa nini mwenye STI anarudi maegeshoni pedali ya breki ikiwa imelegea, ilhali mwenye Swift bado anazunguka. STI ina disiki kubwa na kalipa (vibano vya pedi) nzito za kubeba mzigo huo, ni kweli, lakini kila kinachochakaa hapo kina bei yake, na matairi nayo yanaliwa upesi. Anayeanza anahitaji mizunguko mingi, na gari jepesi ndilo linalompa mizunguko hiyo kwa pesa zilezile.

Watu wataitaja Toyota 86, na ni gari zuri kwelikweli: kilo 1,230 hivi, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, usukani mtamu. Tatizo lake ni Nairobi yenyewe. Mji uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na turbo, yaani feni inayoisukumia hewa, inapungukiwa kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo nguvu za farasi 200 zilizoandikwa kwenye karatasi zinabaki kama 165. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hana shida hiyo, na huyo ningemshauri aitafakari 86 kwa dhati. Swift ina turbo, basi farasi wake 140 na mvuto wake wa Nm 230 hawapotei ovyo mlimani.

Turbo nayo ina gharama yake. Hewa ikiwa nyepesi, turbo inazunguka kwa kasi zaidi ili kufikisha presha ileile, na hewa inatoka ya moto zaidi. Intakula ya Swift, kipoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini, ni ndogo. Baada ya mizunguko kadhaa ya nguvu kompyuta ya injini inaona hewa imepata joto na inapunguza presha kulinda injini, nawe unahisi gari limekuwa zito. Hapo hakuna kilichoharibika. Endesha mizunguko mitatu ya nguvu, kisha mmoja au miwili ya taratibu. Na ubadilishe kifuniko cha rejeta kama mpira wake umekauka: kwa mwinuko wa Nairobi maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, na presha ya kifuniko hicho ndiyo inayozuia kulanti (maji ya kupozea injini) isichemke mapema.

Sasa STI iliyotumika. Injini yake ya EJ20 si mbovu, ila kwenye kona ndefu oili inasukumwa upande mmoja wa sampu (beseni la oili chini ya injini), bomba linalofyonza linavuta hewa, na beringi za kranki zinakauka kwa muda mfupi. Kiwango cha oili kikiwa chini kidogo, injini inanoki, yaani beringi zinaharibika na kugonga. Kingine ni petroli: injini hiyo ilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100 (kipimo cha ubora wa petroli), ambayo pampu zetu za kawaida hazina. Mwenye gari wa kwanza akiwa ameongeza presha ya turbo kwa fundi asiyepima mchanganyiko wa hewa na mafuta, pistoni ndizo zinazolipa. Ukiing'ang'ania, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne injini ikiwa moto. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, achana nayo. Kata pia filta ya oili uitandaze karatasi yake juani. Ukiona vumbi linalometameta, beringi zimeanza kuliwa. Injini ya Swift, K14C, iliuzwa Ulaya kwa petroli ya oktani 95, hivyo haina madai makubwa, ingawa mimi bado ningeijaza petroli bora kuliko zote kituoni.

Kanuni ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Swift za miaka ya karibuni zinapita bila shida. Tanzania inaruhusu za zamani, lakini ushuru wa uchakavu unakusubiri bandarini. Dai karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari, na ulinganishe namba ya chesisi. Daraja la R au RA maana yake gari lilipata ajali likatengenezwa. Alama ya XX kwenye mchoro wa bodi ni kipande kilichobadilishwa. Milango yenye A1 au U1 (mkwaruzo au kibonyo kidogo) isikunyime usingizi.

Pesa zinazobaki zielekee kwenye breki na matairi. Mafuta ya breki huvuta unyevu: aina ya DOT 4 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 230, ikishanyonya maji inashuka hadi karibu 155, na mvuke ukiingia kwenye mfumo pedali inazama hadi sakafuni. Badilisha mafuta yote kabla ya siku ya uwanjani, hasa kama gari linakaa Pwani. Weka pedi zinazovumilia joto, na uzizoeshe kwa kukata mwendo mara nane hadi kumi kutoka 100 hadi 20 bila kusimama kabisa, kisha uendeshe taratibu zipoe.

Matairi ya gari lililotoka mnadani yasome ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka. Yakizidi miaka sita, hata kama meno yamejaa, mpira umeshakuwa mgumu. Upepo hupanda kama psi (kipimo cha presha) 4 hadi 6 yakipata moto, kwa hiyo anza chini kidogo, pima mara tu unapotoka uwanjani, punguza mpaka ya mbele yasimame psi 34 hadi 36 yakiwa moto. Swift inasukuma kwa magurudumu ya mbele, na bega la nje la tairi la mbele ndilo linaloumia kwanza. Fundi wa alaimenti akiinamisha sehemu ya juu ya gurudumu kwa ndani digrii mbili, tairi linadumu na gari linaingia konani kwa utii zaidi. Ekzosi, bawa la nyuma na kuchezea kompyuta vingoje.

Kwenye vumbi na matope Subaru inabaki mfalme, na anayelenga autokrosi (mbio fupi za uwanja wa vumbi) au rali na ainunue bila kusita.

Mzunguko wa mwisho uendeshe bila kukanyaga breki kwa nguvu. Ukifika maegeshoni weka gia, acha breki ya mkono chini, kwa sababu pedi za moto zinaweza kuganda kwenye disiki, kisha nati za magurudumu zikishapoa zikaze upya kwa kipimo cha kitabu cha gari.