Sampuli za Mwamba Zinahitaji Nyumba Kabla ya Mashine

Mtu aliyejifunza jiolojia ya jotoardhi nchini Kenya kisha akahamia Reykjavik, mji mkuu wa Aisilandi, hushangazwa kwanza na jinsi maabara za huku zilivyo za kawaida. Kazi ni ileile: kisima kinapochimbwa, chembe za mwamba zinazopandishwa juu na maji ya kuchimbia hukusanywa kila baada ya mita 2, huoshwa, hutazamwa kwa hadubini, na baadhi yake hupimwa kwa mashine ya eksirei ili kutambua aina ya udongo wa mfinyanzi uliomo. Epidoti, madini ya kijani yanayoundwa kwenye joto kali, ikionekana, mwanajiolojia hujua kwamba mwamba huo uliwahi kufikia nyuzi 240 za Selsiasi hivi au zaidi, awe yuko Hengill, eneo la jotoardhi karibu na Reykjavik, au Olkaria kwetu Kenya.

Wala si kweli kwamba Aisilandi imetutangulia katika kila jambo. Olkaria ilianza na mtambo wa megawati 15 mwaka 1981, na leo mitambo yetu ya jotoardhi kwa jumla ina uwezo mkubwa wa kuzalisha umeme kuliko yao, jambo ambalo wenzangu kazini hulipokea kwa ukimya kidogo. Hata magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ambayo wachimbaji wao waliifikia Krafla, kaskazini mwa Aisilandi, mwaka 2009, nasi tumeifikia Menengai, volkano iliyo karibu na Nakuru.

Tofauti huanza kisima kinapokamilika. Katika kijiji cha Breiðdalsvík, mashariki mwa Aisilandi, ipo hifadhi ya taifa ya miamba iliyotolewa visimani, na mtafiti anaweza kuomba kuichunguza. Tena, mafunzo ya jotoardhi yanayotolewa Reykjavik tangu mwaka 1979 yamepokea Wakenya wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Baadhi yao walikuja na sampuli za nyumbani, na ripoti zao husomwa na yeyote bila malipo. Matokeo yake ni kwamba mkazi wa Nakuru anayetaka kuujua mwamba wa Menengai husoma maandishi yaliyoandikwa ng'ambo.

Kwetu, fedha zikipatikana, huombwa mashine kwanza. Naijua moja iliyokaa muda mrefu bila kazi kwa kukosa kipuri, huku magunia ya sampuli yakifutika maandishi pembeni yake. Hifadhi huhitaji jengo kavu, rafu, daftari na mtunzaji anayelipwa mshahara wake, gharama ambazo bajeti ya kawaida inazimudu.

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inaihesabu rasilimali ya jotoardhi kuwa mali ya Serikali ya Taifa, kwa hiyo sioni kwa nini mwamba uliotolewa humo ufungiwe na aliyeuchimba. Leseni zimtake akabidhi sehemu ya sampuli za kila kisima baada ya muda maalumu, na hifadhi ijengwe Nakuru, mahali ambapo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi anaweza kufika kwa matatu kutoka Nyeri akiwa na barua ya mwalimu wake.